Ndama Aliyelelewa na Kiboko

Haya yote ni kweli tupu. Chumvi haikuongezwa, na kama ipo, basi ni ile ya kulambwa na ng'ombe. Mzee Oyugi mwenyewe aliapa, Jumapili baada ya kanisa, mbele ya wageni wake na mbele ya mkewe, mkono mmoja ukiwa juu na mwingine umeshika kikombe:

“Kama nimedanganya hata neno moja, nisinywe tena chai ya maziwa katika boma hili.”

Mkewe, Dorca, alikuwa amekaa mlangoni akimenya viazi vitamu. Aliinua macho, akamtazama mumewe jinsi mtu anavyotazama mawingu yasiyo na mvua, kisha akarudi kwenye viazi vyake.

Wageni walikuwa Waliaula na mkewe Nasambu. Walikuwa wametoka Obunga, mtaa uliobanana wa Kisumu, ambako walikuwa wamekaanga samaki na kuwauza kwa miaka mingi, wakaja hadi Nyamasaria, ambako boma la Oyugi lilikuwa limebaki katikati ya nyumba za kupangisha kama jino moja lililokataa kung'oka. Hawakuja kusalimia tu. Walikuja kwa ajili ya ng'ombe wao.

Ng'ombe huyo aliitwa Nyarbungoma, yaani binti wa Bungoma, kwa sababu ndiko alikotoka. Mama yake Waliaula alimwachia mwanawe mtamba mmoja wa kienyeji, mweusi, mwenye nundu ndogo na macho ya kiburi. Lakini Obunga hakuna pa kufuga hata sungura kwa raha. Waliaula akafanya walichofanya watu wa ziwa tangu zamani: akampeleka mnyama kwa rafiki. Wajaluo huuita mpango huo riembo. Ng'ombe ni wako lakini anakaa kwangu. Mimi nakunywa maziwa, nachukua mbolea, namtafutia malisho na kumtoa kupe. Ndama wote ni wako. Siku ya kumchukua, kama nimemlea vizuri, unaniachia ndama mmoja wa shukrani. Hakuna karatasi inayoandikwa. Kuna sharti moja tu ambalo hata watoto wanalijua: mnyama akifa, mlezi humwonyesha mwenye mali ngozi.

Oyugi hakuzaliwa mfugaji. Maisha yake yote ya kazi alipaka meli rangi kwenye bandari ya Kisumu, na alipostaafu alijifunza ng'ombe kwa kusikiliza redio, kuwahoji wachinjaji, na kubishana na kila daktari wa mifugo aliyekosea akasimamisha pikipiki karibu na lango lake. Mmoja wao alimshauri apandishe ng'ombe wake na dume la kisasa ili ndama wapate mwili.

“Mwili wa nini?” Oyugi alimuuliza. “Ng'ombe mkubwa ni tumbo lililoota pembe. Kiangazi kikifika analala chini, anangoja ulete chakula kama mgonjwa wa wodini.”

Yeye alitaka wale wadogo wa uwanda wa Kano. Wale ambao kupe huwauma mpaka kupe wenyewe wakachoka, wanaotembea kwenye tope la mafuriko bila kwato kuoza, wanaonenepa kwa nyasi ambazo mtu angedhani ni ufagio. Alisema nyama yao ina mafuta yaliyojipenyeza yenyewe ndani kwa ndani, na nundu yao ikichomwa, majirani wasiokusalimia mwaka mzima wanakumbuka kwamba mna undugu. Kwa hilo la nundu hata waliomwita mwongo walinyamaza, kwa sababu walikuwa wameila.

Wafugaji wengine huuza wafupi wakabaki na warefu. Oyugi alifanya kinyume. Fimbo yake ya kutembelea ilikuwa na alama aliyoichonga kwa kisu, na ng'ombe yeyote ambaye mabega yake yalipita alama hiyo alipelekwa mnadani. Alitafuta mfupi wa miguu, mpana wa kifua, mpole, mwenye kuzaa. Akipata mfupi, anakuwa mwembamba. Akipata mpana, anapiga watu pembe. Mmoja alikuwa na kila kitu, akawa tasa. Hivyo ndivyo miaka yake ya kustaafu ilivyokwenda.

Kisha, masika haya yaliyopita, Nyarbungoma alizaa. Alikuwa amezeeka, mifupa ya kiuno imetokeza kama vishikio vya sufuria, na ilikuwa wazi kwamba huo ulikuwa uzazi wake wa mwisho. Baba wa ndama alikuwa Rateng', dume jeusi la Oyugi. Ndama alikuwa jike, rangi ya udongo wa chungu kilichochomwa, kifua kama mtungi. Oyugi alisimamisha fimbo kando yake, akatazama miguu, akatazama mgongo, akaketi chini kwenye mavi mabichi bila kujali suruali. Alijua amemwona aliyekuwa akimtafuta. Akamwita Silwal kwa ajili ya rangi yake ya hudhurungi. Kisha akakumbuka ni wa nani.

Juma hilohilo mto ulifurika. Ulipita mashambani, ukabeba kuku, viti na choo kimoja cha mabati. Waliaula akapiga simu kuuliza kama ng'ombe wake yuko salama.

“Ng'ombe yuko salama,” Oyugi alimjibu, “lakini, omera, ndugu yangu, alikuwa amezaa. Maji yameenda na ndama.”

Hakuwa amepanga. Uongo huo ulimtoka kama chafya. Lakini akishapiga chafya mtu hawezi kuirudisha puani, na tangu siku hiyo Silwal aliishi katika jiko la zamani nyuma ya nyumba, mlango umefungwa kwa kamba. Asubuhi na jioni Oyugi alimtoa akampeleka kwa mama yake, akamrudisha. Dorca alimwambia neno moja tu kuhusu jambo hilo, siku ya kwanza kabisa.

“Siku moja utaeleza.”

“Nitaeleza,” alisema Oyugi. “Kueleza ndiyo kazi yangu.”

Basi Jumapili hiyo ilifika. Waliaula, mtu mnene, mwepesi wa kucheka, aliweka chini samaki wawili wakubwa waliofungwa kwenye gazeti, akaeleza habari yao. Walikuwa wanaondoka Obunga. Kijana wao Cliff alikuwa amewajengea nyumba kwao Bungoma, na mpwa wao Wechuli, dereva wa lori, angepita siku yoyote kubeba vyombo. Nyarbungoma angepanda pamoja na vyombo hivyo.

“Arudi akafie alikozaliwa,” alisema Waliaula.

“Ni haki yake,” alisema Oyugi, na kwa kweli aliona ni haki. Ng'ombe mzee aende. Yule wa jikoni hakuna aliyemwulizia.

Dorca akaleta chai. Oyugi akawamiminia wageni mwenyewe, akafurahia jinsi ilivyotoka kwenye birika, nzito, rangi ya kahawia ya maziwa mengi, na hapo akafanya kosa lake, ingawa hakulijua.

“Kunyweni,” alisema. “Hayo maziwa ni ya Nyarbungoma mwenyewe, ya leo asubuhi. Kijiko kinasimama wima humo. Ng'ombe wa gredi, yule wa kisasa, atatoa ndoo tatu za maji meupe. Huyu anatoa vikombe, lakini vikombe!”

Nasambu alikunywa. Alikuwa mama mwembamba, wa maneno machache, aliyefunga kitambaa cha kanisani kichwani. Alikunywa tena, akatazama ndani ya kikombe.

“Pole kwa ndama,” Waliaula alisema. “Ulisema maji. Lakini kwenye simu hukuniambia vizuri.”

Oyugi angeweza kusema tena maneno mawili yaleyale akaishia hapo. Lakini mtu alikuwa amemwomba hadithi, na mtu huyo alikuwa na kikombe mkononi na muda wa kutosha.

“Baba Cliff,” alianza, “wewe ni rafiki yangu, sitakuficha. Asubuhi hiyo mto haukufurika, mto ulihama. Niliona kitanda kinapita, na paka amelala juu yake hajaamka. Niliona benchi la kanisa, na kofia ya mzee wa kanisa imekaa palepale anapokaa yeye. Nikasema, sasa ni ndama. Na kweli, nikamwona. Kichwa juu, anaogelea kama mtu aliyesomea.”

“Yawa!” alisema Waliaula, ambaye miaka yake ya Kisumu ilikuwa imemfundisha kushangaa kwa Kijaluo.

“Nikajitupa. Na suruali yangu ya heshima. Maji yakatupeleka, mimi nyuma, yeye mbele, mpaka mto unapoingia ziwani, kwenye mafunjo. Hapo nikashika shina la mfunjo, kwa sababu hapo palikuwa na kiboko.”

“Kiboko!”

“Jike. Amefiwa na mtoto, kila mtu wa ufuoni alijua. Alikuwa analia juma zima, wavuvi hawalali. Basi ndama wetu akamfikia. Nikafumba macho. Nilipofumbua, kiboko anamnusa. Anamsukuma kwa pua, taratibu, hivi, hivi, mpaka kwenye titi. Na ndama, omera, kwa vile alikuwa na njaa, akanyonya. Nikapiga kelele, ‘Rudi!’ Akageuka akaniangalia. Maziwa yamemjaa mdomoni. Akarudi kunyonya.”

Waliaula alikuwa ameweka kikombe chini ili asikimwage. Mabega yalimtikisika.

“Na ngozi?” aliuliza Nasambu.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

“Ngozi, Mama Cliff?”

“Mnyama akifa kwa mlezi, tunaonyeshwa ngozi.”

“Si ndiyo hiyo shida,” alisema Oyugi bila kusita. “Ngozi bado imevaliwa na mwenyewe.”

Hapo Waliaula alicheka mpaka akafuta machozi kwa tai. Na hapo ndipo Oyugi, akiwa juu kabisa ya furaha yake, alipoinua mkono akaapa kile kiapo cha chai ya maziwa.

Kicheko kilipoisha, Waliaula alitikisa kichwa, akawa mpole ghafla.

“Lakini, Mzee, imeniuma. Unajua mimi na Mama Cliff tulikuwa tumeshaamua. Ulimlea ng'ombe wa mama yangu kama wako. Tulisema, akizaa jike, huyo ni wa Oyugi. Sisi tumchukue mama, mtoto abaki hapa kwa dume lako, kwa sababu tunajua vile unapenda hawa wadogo. Tungengoja mpaka Krismasi aache kunyonya, ndio tumbebe mama. Sasa vile hakuna ndama, hakuna cha kungoja.”

Chai ilimwingia Oyugi njia isiyo yake. Alikohoa mpaka Dorca akaacha viazi akaja kumpiga mgongoni, na alimpiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

“Umesema wangu?” alisema alipopata pumzi.

“Wako kabisa.”

Oyugi alitazama kule nyuma ya nyumba. Alikuwa amemficha mtamba wake mwenyewe. Miezi yote hiyo amemtoa na kumrudisha kwa kunyatanyata kama mwizi wa kuku, na mnyama ni wake. Akasafisha koo.

“Sasa,” alisema, “hadithi yenyewe nilikuwa sijaimaliza.”

“Aa, kumbe?” alisema Nasambu.

“Unajua mmekatiza na maneno ya ngozi. Baba Cliff, nyinyi hamtaamini. Juzi hivi, asubuhi, natoka nje, nasikia kitu kinabisha langoni. Hakipigi hodi, kinabisha kwa paji la uso. Nafungua. Ni yeye! Amekua, amenona, ananuka ziwa. Mfunjo umemning'inia masikioni kama hereni. Na nyuma yake, kule barabarani, naona mgongo mpana unageuka unarudi zake. Kiboko amemsindikiza mpaka lango. Ndama amekuwa mkubwa, nadhani kiboko aliona ni wakati wa kumwachisha.”

Waliaula alimtazama rafiki yake, akamtazama mkewe, akamtazama rafiki yake tena. Alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe vizuri.

“Basi yuko hai!”

“Yuko hai! Yuko hapa nyuma. Subiri nimlete.”

“Usimlete,” alisema Nasambu.

Oyugi, aliyekuwa ameshasimama, akabaki hivyo, amejikunja nusu.

“Kaa kwanza, Mzee. Mimi nauliza kitu kidogo. Hii maziwa nakunywa, umesema ni ya Nyarbungoma.”

“Ya leo asubuhi.”

“Na wiki jana mlikunywa?”

“Kila siku! Dorca hapa hajanunua maziwa tangu—”

“Tangu alipozaa,” alisema Dorca kutoka mlangoni. “Hatujanunua hata pakiti moja.”

“Mimi nilikamua ng'ombe nikiwa msichana,” Nasambu aliendelea, bila kupandisha sauti. “Ng'ombe wa gredi unamkamua kama mfereji, unafungua tu. Huyu wa kienyeji mpaka ndama amguse kwanza, anyonye kidogo, ndio anaachilia. Ndama akifa, tunachuna ngozi, tunaijaza majani makavu, tunamsimamishia hapo alambe adanganyike. Bila hivyo anakauka. Sasa ndama alikuwa kwa kiboko tangu masika mpaka juzi. Ngozi alikuwa ameivaa. Nyarbungoma alikuwa anamwachilia nani maziwa?”

Mtu alipita barabarani na spika ya mahubiri juu ya gari, akapotea. Waliaula alikuwa ameanza kuelewa, na kwa sababu ya kuelewa alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

“Mimi,” alisema Oyugi.

“Wewe?”

“Alikuwa ananiachilia mimi. Nilimwimbia. Ng'ombe ni mtu wa majonzi, Mama Cliff. Nilimwimbia wimbo wa pole, akafarijika, akaachilia. Mpaka leo hivyo hivyo.”

Nasambu aliweka kikombe chini, akasimama, akakung'uta sketi.

“Twende ukaimbe.”

Walikwenda wote wanne. Dorca alibeba sufuria ya kukamulia bila kuambiwa. Nyarbungoma alikuwa amefungwa chini ya mti wa mkuyu akicheua, na aliwatazama wakija kama mama mwenye nyumba anayewatazama wadai kodi. Oyugi alichuchumaa ubavuni mwake, akampapasa kiwele, akasafisha koo, akaimba. Alikuwa na sauti nzuri. Hilo halikuwa uongo. Aliimba wimbo aliouimba kila asubuhi na kila jioni, juu ya mjane na mtumbwi, huku akivuta chuchu.

Hakuna kilichotoka.

Akaimba ubeti wa pili, kwa huzuni zaidi. Nyarbungoma alihamisha mguu, akamkanyaga kidole.

“Labda hajafiwa vya kutosha,” alisema Waliaula, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

“Ana aibu ya wageni,” alisema Oyugi. “Geukeni kidogo.”

Waligeuka. Akaimba ubeti wa tatu kwa nguvu zote, kama mtu anayemwomba mungu aliyemwazima kitu. Na wimbo huo ulisikika vizuri sana hadi kwenye jiko la zamani, ambako kulikuwa na mtu mwingine aliyeujua. Kila siku ya maisha yake mafupi, Silwal alikuwa ameusikia wimbo huo dakika moja kabla ya kunyonya. Akajibu. Alilia kule ndani, kilio kirefu chenye kudai, na akaupiga mlango kwa kichwa mara moja, akaupiga tena.

Nyarbungoma aliacha kucheua. Masikio yalisimama. Akaita kwa sauti nzito ya tumboni, na maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, kwenye chuchu zote nne, yakadondoka kwenye sufuria, kwenye vumbi, na kwenye suruali ya Oyugi, ambaye hakuwa amemgusa.

Waliaula aliketi chini kwenye nyasi, na suti yake ya kanisani, akacheka kwa namna iliyowafanya wapangaji wa nyumba za jirani watoke kwenye veranda zao.

Dorca alienda akafungua kamba. Silwal alitoka mbio, mkia juu, akapita katikati yao bila salamu, akaingia chini ya mama yake akaanza kazi. Alikuwa mzuri. Hata Nasambu, aliyekuwa amekasirika kwa utaratibu, alimzunguka mara moja akimtazama miguu, mgongo, kifua, na midomo yake ikasogea kidogo.

“Hawa ndio mama mkwe alikuwa anawataka,” alisema. “Wafupi hivi.”

“Si nilisema?” Oyugi alidakia. “Nimetafuta huyo kwa miaka. Na Baba Cliff amesema ni wangu.”

“Nimesema,” alikubali Waliaula, akijifuta macho. “Neno langu ni neno.”

“Ngoja, Baba Cliff,” alisema Nasambu. “Neno lako tuliheshimu. Ulisema ndama ni shukrani. Shukrani ya nani?”

“Ya mlezi.”

“Haya. Mzee Oyugi, wewe umeapa mbele yetu. Sasa chagua mwenyewe, sisi tutafuata. Kama hadithi yako ni ya kweli, mtoto huyu alilelewa na kiboko tangu masika mpaka juzi. Kiboko alimnyonyesha, kiboko akamsindikiza mpaka langoni. Basi shukrani ni ya kiboko. Akija kudai, tutampa. Asipokuja, ndama ni wa mwenye ng'ombe.”

Oyugi alipangusa maziwa kwenye suruali.

“Na kama hadithi si ya kweli,” Nasambu aliendelea, “basi ulimfungia ndama wetu jikoni ukatuambia amekufa. Hapo hatusemi shukrani, tunasema neno lingine, na tutakwenda kulisema mbele ya wazee wa hapa, uwaelezee pia habari ya ngozi.”

Silwal alikuwa ananyonya kwa kelele, povu mdomoni. Oyugi alimtazama muda mrefu. Aliitazama fimbo yake, iliyoegemea mkuyu, na alama juu yake. Nasambu hakumwonea, alikuwa amesimama tu na mikono nyuma, kama mwalimu anayengoja jibu ambalo anajua mtoto analo. Waliaula alikuwa ametazama pembeni, kwa sababu hakutaka kuona.

Wachache wangejua alichagua kwa sababu gani. Labda aliogopa wazee. Labda kweli ilikuwa haijawahi kumtoka mbele ya wageni na hakujua inaanzia wapi.

“Kiboko,” alisema hatimaye. “Alimlea vizuri, siwezi kumnyima sifa. Mimi nilikuwa nimempa tu pa kulala, tangu juzi.”

“Asante,” alisema Nasambu.

“Asante Mzee,” alisema Waliaula, na akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kwa upendo halisi, na hakumwachilia upesi.

Wechuli alikuja na lori katikati ya wiki. Lilikuwa limejaa vitanda, masufuria meusi ya kukaangia samaki, na pazia moja lililopepea nyuma kama bendera. Mnyama mzee alipandishwa kwa ubao, akapanda bila kubishana, akijua mambo ya safari. Ndama alibaki chini. Wechuli alitaka kumbeba mabegani, lakini Oyugi alikataa. Alimwongoza mwenyewe kwa kamba kutoka jiko la zamani, akapita naye boma zima, akamzungusha kwa Rateng' kana kwamba wanaagana, akapita naye langoni, polepole, akisimama kila mara kumtoa kupe ambao hawakuwepo.

Barabarani palikuwa na vijana wa bodaboda wakingoja abiria. Mmoja aliita:

“Mzee, huyo ndama unauza? Amefupika kama mbuzi!”

“Huyu?” alisema Oyugi, na macho yake yakapata mwanga kidogo. “Kijana, huyu si wa kuuza. Huyu alitoka ziwani. Wewe hujui, lakini wakati ule wa mafuriko—”

“Mzee!” aliita Nasambu kutoka dirisha la lori.

Oyugi akamwinua Silwal, kifua kama mtungi na miguu mifupi ikining'inia, akampandisha mwenyewe juu ya ubao, akamfungia kando ya mama yake kwa fundo la watu wa meli, ambalo halifunguki njiani. Kisha akachomoa fimbo kwapani, akaisimamisha kando ya ndama kwa mara ya mwisho. Akampa Waliaula fimbo hiyo.

“Akipita hii alama,” alisema, “mtafute mchinjaji. Asipopita, mtafute dume fupi. Msimwache na dume refu, Baba Cliff, atawaharibia.”

“Hatutamwacha.”

Lori likaondoka kuelekea mjini, pazia likipepea. Oyugi alirudi ndani ya boma bila fimbo, akapita jiko lililokuwa wazi, akaketi kwenye kiti chake uani. Mle mwote alikuwa amebakiwa na dume, maksai wawili, na mtamba mmoja mrefu, anayengoja mnada, ambaye bado hajazaa.

Baada ya muda Dorca alitoka na kikombe. Alimkabidhi, akangoja pale pale, mikono imekunjwa. Oyugi alitazama ndani. Ilikuwa strungi, nyeusi, bila tone la maziwa, sukari imewekwa, mvuke unapanda.

“Dorca, hata pakiti ya dukani hatuwezi kununua?”

“Tunaweza,” alisema Dorca. “Lakini si uliapa?”

Akapuliza chai, akanywa.